Mtani Haombwi Radhi

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye pale Utemini, mtaani kwangu Singida, ananiuliza maswali mawili. La kwanza, Ulaya kukoje. La pili, ni kweli nilionekana Misigiri nimevaa suti, jogoo kwapani, na watu nyuma yangu? Majibu ni haya: kuna baridi, na ndiyo, ila walikuwa wamenizunguka, hawakuwa nyuma yangu. Lakini nyinyi marafiki zangu hamridhiki na majibu mafupi. Mimi nami nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila mtu anaondoka na chake na kwenda kukitia chumvi. Kwa hiyo naandika yote mara moja, kwa mpangilio wa safari yenyewe. Habari za viza na tiketi nimeziruka. Zilikuwa chungu na hazina funzo.

Jambo moja lazima mlijue mapema, la sivyo hamtaelewa hofu yangu. Karim wengi wenu mnamjua: mtoto wa duka la vitambaa karibu na soko, aliyesoma nasi, aliyecheza mpira peku nasi, na ambaye Kinyaturu chake ni kizuri kuliko cha wanangu. Siku hizi anaishi London. Binti yake Zahra alikuwa anaolewa, na Karim alitaka awepo mtu wa nyumbani. Nyumba yake ilijaa wakwe, basi akasema atanilaza kwenye klabu yake.

Si klabu ya bia na muziki. Ni jumba la watu maalumu. Lina vyumba vya kulala, mahali pa kulia, chumba cha vitabu na makochi ya kuzama, na huingii mpaka uwe mwanachama au mgeni wa mwanachama. Yako majumba dada ya klabu hiyo hiyo katika miji mingine. Karim alisubiri miaka kukubaliwa, na alikuwa bado kwenye mwaka wa matazamio. Mgeni wake akiharibu, ameharibu yeye, na anatolewa. Arusi ya Zahra nayo ilikuwa ifanyike humo humo, ukumbi wa juu.

"Ntandu, ndugu yangu," aliniambia kwenye simu, "wakinitoa mimi, wametoa na ukumbi. Wakwe wameshaalika ukoo mzima. Tafadhali, usiniangushe."

Kumwambia mtu kama mimi asikuangushe ni sawa na kumkumbusha aliyebeba trei ya mayai kwamba barabara inateleza.

Singida mpaka Dar: suti, asali na unga wa kijani

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Fundi wangu wa pale mjini alinishonea suti ya kijivu, ya kwanza tangu nioe. Nilifikiri suti ni ngao: hata ukikosea, watasema angalau amevaa vizuri. Mke wangu, Mama Neema, aliitazama, akasema, "Nzuri. Chukua na sweta." Alikuwa amelifuma mwenyewe, rangi ya ugoro, na kola imeegemea upande mmoja. Nikalificha chini kabisa ya begi.

Mzigo mwingine ulikuwa ndoo ndogo ya asali kwa ajili ya maharusi, na mfuko wa mlenda wa kukausha ambao Karim aliuomba kwa sauti ya mgonjwa anayeomba maji. Mlenda mkavu uliosagwa mnaujua ulivyo. Ni unga wa kijani. Sikuona tatizo mpaka nilipokwisha kuuweka kwenye begi na kuutazama kwa jicho la askari.

Basi liliharibika Manyoni. Tulishuka, tukakaa kwenye mawe kandokando ya barabara, dereva akaingia uvunguni na hakutoka. Mimi nilikuwa na treni ya kuwahi Dodoma, basi nikawa nasimama, naketi, nasimama. Mama mmoja wa Kigogo aliyekuwa kiti cha mbele yangu alinikatia kipande cha muhogo wa kuchoma.

"Kaa, baba. Unatutia hofu sisi wote. Kwani unaenda wapi?"

"London, mama. Arusini."

"Utafikia kwa nani?"

Ukweli ni tabia mbaya. Nikamwambia, "Nitalala klabu."

Alinitazama toka viatuni hadi kwenye mvi. "Klabu! Baba mzima hivyo. Na mkeo anajua?"

Nilianza kumweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo abiria walivyozidi kusogea kusikiliza. Basi lilipopona, nusu ya gari ilikuwa inaniombea toba. Treni niliipata, lakini somo sikulipata: kwamba yako mambo ambayo ukiyaeleza yanaharibika zaidi. Ningelilipia baadaye.

Istanbul: nyumba isiyo na kibao

Ndege ya kuunganisha ilikuwa ya siku iliyofuata, na Karim alikuwa amenipangia kulala kwenye jumba dada la Istanbul. Lakini kwanza, forodha.

Ofisa alikuwa binti mpole. Alitoa sweta, akatoa ndoo, kisha akatoa mfuko wa unga wa kijani na kuuweka mezani baina yetu. Aliniuliza kwa macho tu. Mimi nilisema mengi. Nilisema ni mboga. Nilisema ni mboga ya porini. Nilisema tunaila na ugali na ni tamu sana. Jasho lilinishuka mpaka kwenye mikono ya suti. Mwishowe, ili kuthibitisha, nikachovya kidole na kulamba.

Mlenda mkavu haulambwi. Uliupata ulimi wangu ukaung'ang'ania, na maneno yangu yaliyofuata yalikuwa ya mtu aliyelewa. Binti alirudi nyuma hatua moja na kumwita mkubwa wake. Walininusa, wakaunusa mfuko, wakapitisha kijikaratasi kwenye mashine fulani, na muda wote huo niliona arusi ya Zahra ikihamia uwanjani kwa sababu ya mboga. Mashine haikuona ubaya. Waliniruhusu kwenda wakinitazama kwa huruma, jambo ambalo sijui kama ni bora kuliko kukamatwa.

Teksi ilinishusha kwenye mtaa wa mawe na kuondoka. Nyumba haikuwa na kibao, wala namba. Ilikuwa na mlango mweusi tu. Nilipita mbele yake mara kadhaa na ndoo yangu ya asali, mpaka kinyozi wa jirani akatoka na wembe mkononi, akanionyesha mlango kwa wembe ule ule. Niligonga haraka.

Ndani palinukia kama dukani kwa mwuza udi aliyetajirika. Kijana wa mapokezi alichukua simu yangu kwa vidole viwili na kubandika stika kwenye jicho la kamera. Nilidhani amenikamata na kosa. "Ni kwa wageni wote," alisema. Kisha akanong'ona masharti: usipige picha, usizungumze na simu, usimwendee mwanachama usiyemfahamu. Halafu akaitazama suti yangu jinsi muuguzi anavyotazama kidonda.

"Na suti, samahani, hapa hatuvai."

"Suti?"

"Zinawakumbusha wanachama kazi."

Ngao yangu ikaanguka hapo hapo mlangoni. Nikapanda chumbani, nikavaa kitu pekee kilichobaki. Niliposhuka kula, nimevaa sweta la rangi ya ugoro lenye kola ya upande, nilitembea nimeegemea ukutani kama mwizi. Chakula kilikuja kwenye sahani kubwa kama ungo: biringanya kidogo katikati, na mafuta yamechorwa pembeni kwa ufundi. Nilikuwa na njaa ya kulia. Niliogopa kuomba mkate, nisije nikawa nimevunja sharti nisilolijua.

Mwanamke mwenye miwani mikubwa alisimama mezani kwangu. Moyo ukasimama naye.

"Samahani," alisema, "hilo sweta ni la nani?"

Nilidhani ananituhumu. "Ni langu. La Singida."

"Singida," alirudia taratibu, kama anayeliweka jina kichwani. "Wana duka hapa?"

"Hapana," nikasema. "Ni mkoa."

Aliinamisha kichwa kwa heshima na kuondoka. Sikulala vizuri, lakini Mama Neema alipohadithiwa alifurahi kuliko mimi.

London: mtu wa mlangoni

Jumba la London nalo halikuwa na kibao, lakini lilikuwa na mtu. Alisimama mbele ya mlango wa kijani, mrefu, koti refu, mikono nyuma. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikiwa na begi langu na ndoo, na nikafanya ninachofanya nikiogopa sana: nikajisemea kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, kwamba huyu bwana atanifukuza. Kisha nikavuka.

Yule mtu hakunyanyua uso. Alisema kwa Kiswahili, "Mnyaturu akiogopa huongea peke yake. Hata akivuka bahari."

Ndoo ilitaka kunidondoka.

"Wewe nani?"

"Msengi. Mnyiramba wa Misigiri. Bwana wako. Futa miguu kabla hujaingia, mtumwa."

Mnaojua utani wetu na Wanyiramba mnajua nilivyojisikia. Wasioujua nitawaambia kwa ufupi. Mtani unamtukana utakavyo moyo wako, unamnyang'anya chakula mdomoni, unaingia kwake bila hodi na kuondoka na kuku, na yeye hana ruhusa ya kununa, kwa sababu kesho atakufanyia hayo hayo. Na siku ukifa, yeye ndiye atakayekuja kukulalia kaburini na kuwachekesha waliao. Kitu kimoja tu hakifanyiki: humwombi radhi. Ukimwomba radhi, maana yake yale maneno yalikuwa ya kweli.

"Mtumwa nani?" nikamjibu, na hofu yote niliyoibeba tangu Manyoni ikanitoka kama hewa kwenye tairi. "Babu yangu aliwanunua kwa debe la mtama, na bado alipunjwa!"

Msengi alicheka mpaka akasahau mikono nyuma. Alikuwa hajatukanwa vizuri, alisema, tangu alipoondoka nyumbani. Akanipokea begi. Mama yake yuko Misigiri, aliniambia tukipanda ngazi, nyuma ya mashine ya kukamua alizeti, na ana jogoo mwekundu anayeuma kuliko mbwa.

"Nikirudi nitakuja kumwiba," nikasema.

"Mnyaturu kumshika jogoo yule? Mnyaturu hata kifaranga kinamzomea."

Kila asubuhi baada ya hapo tulipeana dozi. Kwa siku zile chache sikuogopa uma, wala kimya, wala wale watu waliokaa kwenye makochi bila soksi. Na ndipo nilipokosea, maana mtu asiyeogopa hupandisha sauti.

Asubuhi moja nilishuka ngazi. Msengi alikuwa ndani, amemfungulia mlango mzee mmoja. Nikamwita toka juu: "We mtumwa! Nani kakuruhusu kuvaa viatu? Vua, unachafua nyumba ya watu!"

"Nyamaza, maiti," alinijibu. "Nasubiri tu ufe nikakuzike mwenyewe, nile ng'ombe zako."

Tukacheka. Kwenye kochi la pembeni alikuwepo mama mmoja wa makamo, mweupe, mwembamba, aliyefunga skafu ya kitenge. Nilimpungia mkono. Hakupunga. Aliinuka akaenda moja kwa moja ofisini kwa meneja.

Chumba cha vitabu

Nitamwita Bi. Helena. Baadaye nilijua kwamba alikulia Nairobi na Arusha, na Kiswahili alikinyonya kwa yaya. Kwa hiyo alisikia kila neno na kulielewa. Alichokosa ni Singida tu. Alichokiona yeye ni mkubwa fulani kutoka Afrika, mgeni wa mwanachama, anamwita mfanyakazi mweusi mtumwa na kumwamuru avue viatu. Mimi, ninayeomba ruhusa hata kwa konda, kwa mara ya kwanza maishani nilidhaniwa mkubwa.

Meneja alinifuata nikiwa na kijiko mdomoni. Alikuwa na raba nyeupe na sauti ya daktari. Angependa tuzungumze mchana, kwenye chumba cha vitabu. Bwana Karim amekwisha kupigiwa simu. Uji ule sikuumaliza.

Karim alifika amelowa mvua na uso wake umekuwa wa rangi ya karatasi.

"Umefanya nini?"

"Utani."

"Na nani?"

"Na Msengi wa mlangoni. Mnyiramba."

Alifumba macho. Alielewa yote mara moja. Amekulia sokoni Singida. "Ya Rabi," alisema. "Nitawaelezaje hawa?"

Tulijaribu. Mbele ya meneja na Bi. Helena, Karim alieleza kwa Kiingereza chake kizuri kwamba hawa ni makabila mawili jirani, yanayotukanana kwa upendo.

"Kwa hiyo ni ugomvi wa kikabila," meneja alisema.

"Hapana! Hawagombani. Wanaweza hata kuchukuliana mifugo."

"Kuibiana?"

"Bila kosa," nikaingilia, nikidhani nasaidia. "Na nikifa yeye ndiye atakayenizika. Ameniambia leo asubuhi."

Meneja aliweka kalamu chini. "Mfanyakazi wetu amekwambia kwamba atakuzika?"

Hapo ndipo nilipokumbuka mawe ya Manyoni. Karim alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilishatoka. Sasa zilikuwa kesi mbili: mgeni aliyemdhalilisha mfanyakazi, na mfanyakazi aliyemtishia mgeni. Nilikuwa nimemtia Msengi kwenye shimo langu.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alitaka yaishe. Alisema kama nitamwomba Msengi radhi, kwa dhati, mbele ya Bi. Helena, na kama Msengi atapokea, yeye atalichukulia kwamba limemalizika, na arusi itaendelea. Kama sivyo, suala litapanda kwa kamati kabla ya Jumamosi. Jumamosi ndiyo ilikuwa arusi. Akatoka kwenda kumwita.

Nilimwahi Msengi kwenye ujia, penye picha za farasi.

"Nimesikia," alisema. Hakucheka. "Ntandu, usiniombe radhi."

"Na arusi ya mtoto?"

"Waambie chochote. Sema umelewa, sema una kichaa. Lakini ukiniomba radhi, basi ulikuwa unamaanisha. Mimi nimefungulia watu mlango humu miaka. Wako wanaonitazama kama kitasa. Wewe umenitukana kama mtu. Usinichukulie hicho."

"Watakufukuza na wewe, Msengi. Nimewaambia habari ya kunizika."

"Umewaambia?" Akashusha pumzi. "Kweli Wanyaturu mlipatikana kwa debe la mtama." Ilikuwa nusu ya utani. Nusu nyingine sikuipata.

Tukaingia. Karim alikuwa ameshika kingo za meza kana kwamba chumba kinayumba. Nilisimama mbele ya Msengi, na kwa Kiingereza nilichofundishwa chuo kikuu kwa kodi za wakulima wa alizeti, nikasema kwamba naomba radhi kwa maneno yangu, kwamba hayakuwa sahihi, kwamba yeye ni mtu anayestahili heshima. Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Bi. Helena alijifuta machozi. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililoniuma: hapakuwa na wa kumchukia chumbani mle.

Msengi alinyoosha koti lake. "Asante, bwana," alisema. "Nimepokea."

Aliposema bwana hakukuwa na kicheko nyuma yake. Alinifungulia mlango wa kutokea, akainamisha kichwa kidogo, kama anavyowafanyia wote.

Arusi

Arusi ilikuwa nzuri, na niliiogopa mpaka mwisho. Zahra aling'ara. Asali ya Singida ilionjwa na wakwe, wakaisifu. Humo nako suti hazikuruhusiwa, hata siku hiyo, kwa hiyo Karim aliniazima kanzu, fupi kidogo, na nilikaa miguu yangu nimeiingiza chini ya meza.

Mama yake Karim, Bi. Shirini, aliyekaa nyuma ya kaunta ya duka lile enzi zetu akitupima vitambaa vya sare kwa urefu wa mkono wake, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha. Mbele yake, kati ya sahani za fedha, palikuwa na bakuli la mlenda. Alikuwa anakula kwa mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Karim kaniambia. Umemwomba radhi mtani?"

"Nilifanya kwa ajili ya arusi, mama."

"Arusi imefanyika. Na mtani wako je?" Alilamba kidole. "Mimi Mhindi, nimekaa pale dukani nikiwaona mnavyotukanana, mnavuana kofia, mnaburuzana, na jioni mnakula sahani moja. Ndiyo ilikuwa burudani yangu, sisi hatukuwa na televisheni. Wewe umesomea wapi, mwanangu, ukasahau?"

Wakati wa kuondoka, Msengi alinipakilia begi kwenye teksi.

"We Mnyiramba," nilijaribu, "hata begi hujui kubeba."

"Samahani, bwana," alisema, na akaliweka vizuri zaidi.

Njia nzima ya kurudi, kwenye ndege, kwenye treni, kwenye basi ambalo safari hii halikuharibika, sikuogopa kitu kingine. Niliogopa neno lile. Nilijua kwamba mtu mmoja duniani, ambaye angekuja kunichekeshea wanangu siku ya msiba wangu, sasa atatuma salamu za pole kwa adabu.

Misigiri

Siku ya pili baada ya kufika nilivaa suti. Mama Neema aliniuliza naenda wapi, nikamwambia, "Kuiba kuku." Alidhani ni uchovu wa safari.

Hilo mnaloona la kuchekesha lilikuwa tendo la hofu kubwa kuliko yote niliyowasimulia. Mwizi wa kuku mnajua tunavyomfanya huku. Mtani akichukua kuku hana kosa, lakini mimi sikujua kama bado nilikuwa mtani. Kama Msengi alikuwa amempigia mama yake simu na kusema yule Mnyaturu amenidhalilisha, basi ningekuwa mwizi tu, mwenye suti.

Nilishuka kwenye gari la Igunga adhuhuri, nikaikuta mashine ya alizeti inanguruma, nikazunguka nyuma. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, vitunguu vimeanikwa kwenye turubai. Na jogoo alikuwepo. Mwekundu, amesimama juu ya kinu, ananitazama kama meneja.

Sikupiga hodi. Nilimrukia. Alinikwepa, nikaanguka kwenye vitunguu. Nikamrukia tena nikampata bawa, naye akanipata kidole. Makelele yake yalisikika, nadhani, mpaka Shelui.

"Mwizi!" Mama mmoja mfupi, mwenye nguvu, alitoka jikoni na mwiko wa ugali. "Mwizi jamani! Mchana kweupe!"

Mashine ikazimwa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, ule ukimya. Wanaume walitoka wamejaa mafuta na pumba, mmoja ana koleo, wakanizunguka.

"Shikamoo, mama," nikasema. Jogoo yuko kwapani, damu inachuruzika kwenye mkono wa suti. Mkubwa ni mkubwa. Sikuweza kumwibia bila kumwamkia.

"Marahaba, mwizi! Nani wewe?"

"Mnyaturu. Wa Mungaa. Nachukua changu."

Koleo lilishuka kidogo. Mama alisogea, akanikagua suti.

"Mnyaturu gani anavaa hivi kuja kuiba?"

"Mwanao ni mtumwa wangu, mama. Yuko London, ananifungulia mlango. Alisema siwezi kumshika jogoo huyu."

Nilimwona akiupima mwiko mkononi. Kisha akageuka kwa wanaume wale. "Mnamwona? Kashika bawa! Kuku anashikwa miguu. Hawa hata wizi hawajui!" Akanipiga mwiko wa bega, wa kuuma kweli, na wote wakaangua kicheko. "Ngoja. Ngoja nimpigie mwenyewe aone mali yake inavyoondoka."

Alimpigia kwa video. Uso wa Msengi ukatokea, koti lile lile, mlango wa kijani nyuma yake. Mama akanielekezea simu. Msengi aliniona: suti, maganda ya vitunguu, damu, jogoo. Sura yake haikusogea. Nilidhani mtandao umeganda. Nilisubiri lile neno, na nilishaamua moyoni kwamba akilisema nitamweka jogoo chini, nitamwamkia mama tena na kwenda zangu.

"Mama," Msengi alisema.

"Naam, baba."

"Hiyo suti ni ya kuzikiwa. Mvue kabla hajaichafua, mimi ndiye nitakayeirithi." Akaisogeza simu karibu na uso. "Na umpe kamba, huyo mtumwa. Ataangusha jogoo wangu njiani."

Jogoo sasa yuko kwangu Utemini. Mama Neema amekataa achinjwe. Anauma kila anayeingia, na anapenda zaidi kisigino. Mkija kuniuliza habari za Ulaya, pigeni hodi mkiwa mbali.